Phonie Iko ya Nani?

Mama mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza kama bado nina hasira. Ninayo. Anayetafuta mwanamke aliyesamehe afunge gazeti hili akafungie samaki.

Kwa yule anayeingia leo, minyi ninaitwa Mujinga, na kwetu hilo ni jina, si tusi; bibi ya Lucien, yaani mkewe, na yeye ni machiniste, dereva wa treni. Mwaka wa 1998 Lucien alipeleka treni upande wa Kabalo, vita ikafunga njia nyuma yake, na tangu siku ile sikusikia sauti yake tena. Juma lililopita nilieleza namna Philémon, fundi wa simu wa reli, alivyounganisha vipande vya mashine mbovu mpaka kambi yetu ya Kamina ikapata phonie, mashine ya kusema hewani na watu wa mbali. Nikaishia pale umeme ulipokufa kambini, phonie ikabaki juu ya meza kama sahani tupu.

Sasa sikilizeni namna ilivyopata nyumba, na namna nyumba ile ilivyotumeza.

Kwanza mjue desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Philémon hakuficha ufundi wake. Mchoro wa mashine aliubandika ukutani. Mtu yeyote aliweza kuja, akanakili, akaenda kwao akatengeneza yake, na akikwama Philémon alimwelekeza hewani bila kumtoza kitu. Njo vile Salomon, muuguzi wa Mulongo kule kwenye mto, alipata phonie ya dispensaire yake, zahanati ya pale. Wengine walifuata, kituo baada ya kituo.

Sharti lilikuwa moja tu: isiwe na mwenyewe, na mtu asilipe kusema. Kwa hiyo kituo kikiita kingine, neno la kwanza lilikuwa kuuliza, "Phonie iko ya nani?" Mwenzake alijibu, "Ya bote," yaani ya watu wote. Hapo mnaanza kuzungumza. Akijibu jina la mtu, vituo vyote vinamfungia. Kuna mfanyabiashara mmoja wa mbali aliyeanza kulipisha wajane. Alifungiwa siku ile ile, na mpaka leo anasema peke yake.

Basi, umeme ulipokufa, komite yetu ya phonie ilikutana kwenye veranda ya Philémon. Mbele yetu kulikuwa na michango ya watu: makaa, mihogo, samaki wakavu, chupa za mawese. Hiyo njo ilikuwa benki yetu. Tuliuza vitu hivyo tupate asidi ya batri na essence, yaani petroli, ya groupe, jenereta ya kuazima, na kila mara essence iliisha watu wakiwa bado wamepanga mstari. Mishahara ya reli ilikuwa imelala miaka mingi. Ungemwomba nani?

"Kule Base ya jeshi banatupa chumba," Philémon akasema. "Courant ya umeme iko muchana na usiku, bure."

"Na nani ataikala mu ile chumba?" nikauliza.

"Askari mumoja. Banasema ni ya kutulinda."

"Ni ya kutusikiliza. Mama akimwambia mutoto wake apite njia gani, askari naye anasikia. Mwanamuke gani atakubali kwenda kule?"

Wengine wakasema parokia, lakini parokia yenyewe ilikuwa inasali na mishumaa. Njo nikasimama nikasema jina la Omari Zuberi.

Omari ni mtu wa ukoo wa Maniema, Mwislamu, muuza chumvi na samaki. Depo yake iko karibu na gare, kituo cha treni, na groupe yake inanguruma kutwa nzima kwa ajili ya frigo ya samaki. Nilikwisha kumwendea kimya kimya. Nilimpa masharti yetu yote uso kwa uso: mlango wazi kwa kila mtu, hakuna kulipa, hakuna mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mujinga," akasema, "mashine ni yenu, essence ni yangu. Malipo yangu nitayapata kwa Mungu."

Nilipowaambia komite, Philémon akakuna kichwa.

"Muntu akikupa nyumba ya bure, uliza mbele atakulaza upande gani."

"Uko na nyumba ingine, Philémon?"

"Sina."

"Basi beba mashine."

Akabeba. Tukatandika waya wa antena kutoka paa la depo mpaka mti wa upande wa pili, na asubuhi ile ile Kamina ikasikika.

Sitasema uongo, hata nikiwa na hasira. Omari alitutendea vizuri. Aliweka benchi, akaweka ndoo ya maji kwa wamama waliotoka mbali kwa miguu. Hakuomba kusema kwanza. Alipotaka kuuliza bei ya samaki Mulongo alipanga mstari kama mtu mwingine, kanzu yake nyeupe katikati ya vikapu. Mdogo wake Ismaeli njo alikuwa anawasha groupe. Na mdogo wangu Léonie njo alikuwa anaita watu mmoja mmoja waingie. Wale wawili walikuwa wanakaa kwenye benchi moja kila siku mbele ya macho yangu, na minyi macho yangu yote yalikuwa kwa mashine.

Siku moja Salomon akaniita mwenyewe hewani.

"Mujinga, ukuwe na nguvu, unisikie muzuri. Kuko bantu ba reli banatoka ngambo na mitumbwi. Bengine bamefika, bengine bako bado mu majani ya mto. Vendredi nitakuwa na majina."

"Umeona Lucien?"

"Sijue sura yake, mama. Ngoja vendredi."

Nilingoja. Nilipika, chakula kikaungua. Nilifua shati la Lucien lililokuwa safi tayari.

Ijumaa, vendredi ile ya Salomon, depo ilijaa. Bibi wote wa machiniste walikuwa pale, na watoto, na wazee wa kambi. Groupe ikawaka. Nikashangaa kuona Omari ameketi mwenyewe kwenye kiti cha Philémon, ndevu zimechanwa, kanzu imepigwa pasi. Nikafikiri amekuja kufurahi na sisi.

"Kamina, Kamina, hapa Mulongo. Phonie iko ya nani?"

Philémon akainama ajibu. Omari akachukua micro ya kusemea taratibu.

"Hapa Kamina. Phonie ni ya Omari Zuberi. Nilipewa mbele ya mashahidi."



"Kamina, rudia," Salomon akasema.

Omari akarudia, tena kwa sauti nzuri, neno kwa neno.

"Basi Mulongo inafunga," Salomon akasema. "Munisamehe, bandugu. Sheria ni ya sisi bote."

Ikasikika kelele ya hewa tupu. Majina ya waume zetu yakabaki kule.

Nilimshika Omari kanzu. Ndiyo, nilimshika, mtu mzima yule, mbele ya mdogo wake.

"Nani alikupa?"

"Baba yako," akasema. Alikuwa ameshangaa kweli, naweza kuapa. "Hukuambiwa? Masharti yenu ninayakumbuka, lakini aliyenipa ni baba yako, nikadhani mmeyabadilisha. Mimi sisemi uongo hewani, Mama Mujinga. Waliniuliza ya nani, nikasema ya nani. Nilidhani watanipa pongezi."

Nilitoka pale bila kuaga. Baba yangu, mzee Nkongolo, zamani alikuwa anageuza reli pale gare ili treni isiingie njia mbaya. Nilimkuta mlangoni anatafuna muwa.

"Papa, weye ulipana phonie?"

"Ikala mbele," akasema, akinionyesha kiti.

"Siikale."

Akatema makapi. "Bandugu ba Omari balikuya kuomba Léonie kwa Ismaeli. Weye ulikuwa ku mashamba. Balileta mbuzi, balileta bitambaa, balileta sukari. Balitandika yote pa mukeka. Na unajua desturi yetu. Upande wa mwanamuke nao unaweka kitu, mutoto asiende sawa yatima."

"Ninajua."

"Nikatazama mu nyumba yangu. Kiti moja, sufuria, na koti ya reli. Mukono mutupu haulambwe, Mujinga. Ningebapa koti?"

"Ungebapa koti."

"Iko na matundu."

"Ungebapa na matundu yake. Phonie haikukuwa yako. Haikukuwa hata yangu."

"Namna gani haiko yako? Kambi yote wanasema, 'Tunaenda ku phonie ya Mujinga.' Minyi nikasema, kitu ya mutoto wangu ni kitu yangu. Na iko kwabo tayari, hata kuibeba hatutaibeba."

Alisema hivyo na fahari kidogo, kama mtu aliyepata akili. Nilitaka kulia, nikashindwa kwa hasira.

"Papa, kwenda uitoshe mule, uirudishe."

Hapo akaacha muwa.

"Kitu ikiisha kuingia kwa bakwe, haitoke. Ukiitosha, umetosha bukwe yote. Umesema mutoto wao haina muntu, na bazazi babo habana bantu. Minyi sitakufa na ile neno."

Sisi tuliokulia Kamina tunajua hiyo haikuwa ujanja wake. Ni hivyo. Ukiondoa kilichowekwa mkekani umekataa ndoa na umewatukana wakwe mpaka kaburini. Hata hivyo nilimkimbilia Philémon, nikamwambia twende tuibebe sisi komite, maana sisi hatuoi wala hatuozi. Philémon, fundi yule aliyepanda nguzo mvua ikipiga, akaangalia miguu yake.

"Bintu ya bukwe, minyi siingize mukono."

"Mashine uliitengeneza weye."

"Ningejua itafika pa mukeka, singeitengeneza."

Nikamwambia maneno ambayo gazeti hili halitachapa.

Kesho yake nikarudi kwa Omari peke yangu. Nilimkuta ameketi mbele ya depo, milango imefungwa, na phonie ndani.

"Sikuja kukutukana," nikamwambia. "Nimekuja kukwambia kweli. Baba yangu alikupa kitu ambacho hakikuwa chake."

Akafikiri.

"Na binti tuliyepewa siku ile ile, ni wake?"

Nikamwambia asinichezee. Akasema hachezi.

"Mimi si mwizi, Mama Mujinga. Tangu jana watu hawaji kunywa maji yangu, na mimi naona haya. Lakini nikirudisha zawadi ya mzee Nkongolo, nimemdharau yeye. Ninyi mkiichukua, mmetudharau sisi. Ukipewa shibiri usichukue pima, na mimi naona nimepewa pima bila kuomba. Lakini iko njia. Kwetu mahari si ya baba wala ya shangazi. Ni ya bibi arusi mwenyewe, anaiweka mkononi mwake, na hakuna mtu wa kumgusa. Ismaeli ataitoa phonie iwe mahari ya Léonie. Hapo haijatoka kwa wakwe, imemfuata bibi arusi. Akishaipokea, anasema ni ya wote. Mulongo wanafungua."

Nilitaka kumbusu yule mzee mikono. Baba akakubali, tena akacheka. Philémon akakubali, akaenda kukaza waya za antena. Sheikh akasema hakuna kizuizi, arusi ifanywe Ijumaa inayokuja. Kila mtu alifurahi, na minyi nilifurahi kuliko wote, na ninailaani ile furaha.

Jioni nilimkuta Léonie anatwanga mihogo.

"Utapokea phonie," nikamwambia. "Kiisha utashika micro, utasema 'ya bote.' Maneno mawili tu. Umesikia?"

Akaendelea kutwanga.

"Nimesikia, yaya." Ni namna anavyoniita, dada mkubwa.

Yeye nilimlea minyi. Mama yetu alikufa Léonie hajaota meno, nikambeba mgongoni mpaka nguo zangu zote zikaoza pale alipokuwa anakojoa. Nikimtuma maji, anachota. Nikimwambia nyamaza, ananyamaza. Sikuona kwa nini nirudie maneno yangu.

Ijumaa ikafika. Wakafunga ndoa uani kwa Omari, wali ukinukia, watu wa reli upande huu na watu wa Maniema upande ule. Phonie ilikuwa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha maua, imewashwa tayari, kwa sababu saa ya Mulongo ilikuwa karibu. Bibi wa machiniste walisimama mbele kuliko hata jamaa wa bwana arusi.

Ismaeli akaondoa kitambaa. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Hii ndiyo mahari yako."

"Nimepokea," Léonie akasema.

Wamama wakapiga vigelegele. Sheikh akawashuhudisha watu, Omari akainua mikono akaomba dua, baba yangu akafuta macho na mkono wa lile koti. Na hapo hapo mashine ikakohoa.

"Kamina, Kamina, hapa Mulongo. Niko na majina. Phonie iko ya nani?"

Kila mtu akamtazama Léonie. Akashika micro. Hakubonyeza kitu.

"Sema," nikamwambia.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hiyo njo iliniudhi zaidi.

"Yaya, papa alinipana minyi na phonie siku moja, na hakuniuliza juu ya kimoja. Omari alipokea byote mbili, hakuniuliza. Balikata mahari, hakuna muntu aliniuliza. Weye ulikuya kuniambia neno gani nitasema. Ismaeli ninamupenda, hii haiko mambo ya Ismaeli. Lakini tangu mwanzo hakuna muntu hata moja aliniomba kitu."

"Léonie, Lucien iko—"

"Ninajua. Nitaitoa. Niko tayari kuitoa kwa bantu bote, leo, sasa hii. Lakini iko yangu. Niombe."

"Nini?"

"Niombe. Mbele ya bantu, sawa vile unaomba muntu mukubwa."

Omari akatazama chini. Baba akasema jina langu polepole, kama mtu anayetuliza ng'ombe.

"Kamina, munanisikia?" Sauti ya Salomon ilikuwa inapanda na kushuka. "Batri yangu inaisha. Kuko machiniste mumoja hapa, iko mugonjwa sana, anauliza bibi yake. Museme phonie iko ya nani nifungue, bandugu."

Ninyi mnaosoma mnasema, si angeomba tu. Ni neno dogo. Ninalijua neno lile, ninaliomba kwa Mungu kila siku, niliwaomba askari barabarani, nilimwomba muuza asidi. Nilitazama kile kichwa cha Léonie kilichofungwa kitambaa cha harusi, kichwa nilichokisuka minyi tangu kilipoota nywele. Wanawake wa kambi walikuwa wananisukuma mgongoni, mmoja ananong'ona, "Omba, Mujinga, omba." Ismaeli naye alikuwa ananitazama, mtoto wa jana, anangoja nipige magoti kwa bibi yake.

Nilifungua kinywa nimwombe. Mungu ni shahidi yangu, nilikifungua kwa kuomba.

Mkono njo ulitangulia.

Kofi lilimkuta shavuni, kitambaa kikaanguka. Léonie hakulia. Alinitazama, akaweka micro juu ya meza, akanyoosha kidole akazima mashine.